Mteja Aliyetaka Njahi

Kabla sijawa mwenye hoteli nilidhani tumbo ni kitu cha amani: unalipa chakula, linanyamaza. Nilipoingia biashara hiyo pale Thika, katika miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka Mau Mau, ndipo nikajua kwamba tumbo la mteja lina maneno kushinda karani wa korti. Na mpaka leo hakuna radi inayonishtua kama sauti ya kijiko kikiwekwa mezani polepole na mtu ambaye hajamaliza kula.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba cha mabati, jiko la kuni nyuma yake, na nyuma ya jiko banda la makaa. Kulikuwa na meza chache, mabenchi, na kiti kimoja chenye mikono. Kiti hicho kilikuwa cha mwenye hoteli wa kwanza, Mkikuyu mpole aliyepakiwa kwenye lori asubuhi ya msako pamoja na wateja wake, mandazi yakiwa bado mdomoni. Hakurudi. Mimi nilikuwa kibarua katika kiwanda cha magome ya miti ya miwati, mtu wa kutoka magharibi, upande wa Ziwa. Enzi zile sote wa huko tuliitwa Wakavirondo kwa jumla, kama mbuzi wa mnada. Serikali haikututilia shaka sana, kwa hiyo nikapewa ruhusa ya kuendesha hoteli. Tena nilikuwa nimemaliza shule ya usiku ya misheni. Cheti changu nilikitundika ukutani juu ya birika, mvuke ukakikunja mpaka kikafanana na chapati, lakini kilisomeka kwa mtu mwenye nia njema.

Wateja wangu! Alikuwepo dereva wa lori la mkonge, ndugu yetu wa magharibi, ambaye chai kwake haikuwa chai mpaka iwe inachemka ndani ya kikombe. Alitumbukiza kidole, kikitoka kizima, anairudisha. "Hii umeichota mtoni, bwana?" Chai yake ungeweza kuchomelea mabati. Alikuwepo karani wa kiwandani aliyeinua kikombe juu kwenye mwanga kutafuta jani moja la chai, na akilipata analishika kwa vidole viwili kama mwizi. Alikuwepo nyapara aliyekataa nyama mpaka aonyeshwe mkia, ahakikishe ni mbuzi kweli. Nikauning'iniza mkia mlangoni kama bendera ya DC, ukakaa hapo mpaka ukaota vumbi, na nyapara akala kwa imani.

Hao niliwapenda. Mteja anayepiga kelele hana neno. Akishapiga kelele ameshamaliza. Wa kuogopwa ni yule asiyepaza sauti.

Mpishi wangu alikuwa mama wa Kikuyu, mjane, aliyepika pale tangu siku za mwenyewe wa kwanza. Alikuwa mdogo wa umbo, na kwenye paji la uso alikuwa na mfereji uliochimbwa na ukanda wa kubebea kuni; mvua ikinyesha ungedhani maji yatapita humo. Aliniita "mwana wa wenyewe", maana yake mtoto wa watu, mgeni, asiyejua mengi. Alikuwa na mwana mmoja. Watu walisema mwana huyo "ameenda". Enzi zile ukiambiwa fulani ameenda hukuuliza wapi. Uliangalia tu milima ya Nyandarua kule mbali, walikojificha wapiganaji wa msituni, ukaendelea kumenya viazi.

Siku ya kwanza alipoingia mkubwa wa gadi, Mkikuyu aliyepewa bunduki na serikali awasake wenzake, sikumsikia yeye. Nilisikia hoteli ikinyamaza. Vijiko vilikoma kwa pamoja, na nzi mmoja akabaki anaongea peke yake dirishani. Alikuwa mtu mnene kiasi, amevaa koti refu la kijeshi, bunduki begani, na alikuwa kiongozi wa kituo cha gadi kule Ruiru karibu na mashamba ya kahawa, kile kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Alikuwa akija Thika kupeleka habari ofisi ya DC, mkuu wa wilaya. Kwa bahati yangu nzuri, alisikia sifa za upishi wetu.

Alikitazama kile kiti chenye mikono.

"Hiki cha nani?"

"Cha mwenyewe wa zamani, mzee."

"Yuko wapi?"

Alijua. Kila mtu alijua. "Alisafiri, mzee."

"Alisafiri," akarudia taratibu, akakivuta mpaka ukutani, akakaa akiutazama mlango. Bunduki akailaza mezani, mdomo wake ukielekea kwenye bakuli la sukari. "Basi ameniachia mimi."

Tangu siku hiyo kiti kikawa chake. Chai yake ipikwe akiiona. Nyama yake isikatwe na mtu aliyempa mgongo. Watu wasinong'one; anayetaka kusema aseme asikike, na asiye na la kusikika anyamaze. Na juu ya yote, chochote kitakachowekwa mbele yake, mimi nionje kwanza.

"Nimeshaonja jikoni, mzee."

"Hukuonja mbele yangu."

Nikaonja. Akanitazama koo mpaka chakula kikashuka, kisha akangoja. Alingoja muda ambao mimba ya ng'ombe ingekomaa, halafu ndipo akala. Kila alipokuja, ikawa hivyo. Mimi ambaye nilikipenda chakula kama padri anavyopenda sadaka, nikaanza kukiogopa. Nilionja githeri ya mahindi na maharagwe, nilionja chai, nilionja hata maji. Usingizini nilijiona natia kijiko ndani ya bakuli na bakuli halina mwisho.

Hakulipa, wala sikuthubutu kumkumbusha. Lakini si hilo lililonikosesha raha. Ni kwamba alikuwa mgumu kuridhika, na kila alipokataa sahani, wateja wote walijikunja mabegani kama kuku walioona kivuli cha mwewe.

Basi siku moja ya soko alikuja akiwa amenuna. Githeri akaipindua kwa kijiko.

"Hii imepikwa, au imetishwa tu?"

Nikacheka. Hakucheka. Nikaiondoa, nikaleta nyama. Akasema mbuzi huyo alikufa kwa huzuni. Nikaleta viazi, hakuviangalia. Pua yake ilikuwa imeinuka kuelekea jikoni.

"Nyuma kuna nini?"

"Kuni, mzee. Na moshi."

"Kuna njahi."

Na kweli ilikuwepo. Njahi ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni, ambayo Wakikuyu huyaheshimu kama jamaa mkubwa. Tangu siku chache nyuma mama mpishi alikuwa akiinjika chungu kidogo cha njahi pembeni ya jiko. Nilipomwuliza alisema ni chakula chake, tumbo lake linataka. Kwetu, jamani, maharagwe ni maharagwe. Meusi, mekundu, yote yanakwenda njia moja. Nikaona mungu wa hoteli amenikumbuka. Nikakimbilia jikoni, mama ametoka kuchota maji, nikakinyanyua kile chungu chote nikakileta mezani nikitabasamu mpaka masikioni.

Nikaonja kwanza, kama sheria ilivyotaka. Lo! Njahi iliyopondwa na ndizi mbivu, tamu kama Krismasi mbili. Nikasahau hata kuogopa.

Mkubwa akatia kijiko kimoja mdomoni. Akatafuna. Akakilaza kijiko mezani polepole.

"Ndizi mbivu," akasema.

"Ndiyo mzee! Mpishi wangu ni hodari, angeweza kumpikia Gavana na..."

"Nyamaza kidogo." Aliutazama mlango wa jikoni. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa laini kama mtu anayembembeleza mtoto. "Vilipigwa vitano, au vitatu?"

"Vitu gani, mzee?"

Hapo ndipo nilipoyaona meno yake mara ya kwanza. "Basi havikupigwa," akasema.

Akala. Alikula chungu chote, bila haraka, akafuta ukingo kwa kidole. Aliposimama akaniwekea mkono begani. "Kesho tena. Chungu hiki hiki. Mwambie mpishi asibadilishe kitu."

Alipotoka nilikuwa karibu kuimba. Nimempata mteja mgumu kuliko wote! Nikageuka nijisifu, nikaona benchi zimekuwa tupu. Yule dereva alikuwa mlangoni anavaa kofia, na chai yake, chai iliyokuwa inachemka bado, ameiacha nusu. Dereva yule kuacha chai! Nikajua hapo hapo kwamba watu wote humo ndani wameelewa jambo isipokuwa mimi na cheti changu.

Mama mpishi alikuwa amerudi. Alikuwa amekaa chini jikoni, mwiko mapajani, anatazama mahali palipokuwa na chungu.

"Umempa?"

"Nimempa mama, amemaliza, amesifu!"

"Ngai!" Akafumba macho. "Mwana wa wenyewe, umempa chakula cha mzazi."

"Mzazi gani?"

Akauweka mwiko chini. Alisema tu, "Mume wangu amerudi. Yuko kwenye makaa."

Nakwambia, miguu yangu ilitaka kwenda magharibi bila mimi. Mumewe alikuwa amekufa zamani, hilo nilijua. Nikadhani ni mzimu, au mbaya kuliko mzimu, mtu wa msituni. Akanishika mkono akanivuta mpaka bandani, akasogeza magunia ya makaa. Nyuma yake alikuwa amekaa msichana, mke wa mwanawe, uso mweusi kwa vumbi la makaa, na kifuani amefunga kitoto katika kipande cha blanketi. Kitoto kilikuwa kimelala. Vidole vyake vilikuwa vidogo kama njugu.

Hapo, kwa sauti ya chini, nikasomeshwa kuliko shule ya usiku. Kwamba njahi na ndizi mbivu, katika chungu cha peke yake, hupikiwa mwanamke aliyetoka kuzaa, apate nguvu na maziwa. Kwamba mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele vitano na wa kike vitatu, kijiji kizima kisikie. Kwamba mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na kwa hiyo huyu aliyelala hapa ni mume wa mama mpishi, amerudi, na hakuna aliyethubutu kumpigia hata kigelegele kimoja. Huko kijijini kwao, ndani ya ua wa miiba, gadi walikuwa wakiwaangalia wanawake matumbo. Mume yuko msituni, na mke ana mimba: basi mume alifika. Mtoto mwenyewe ndiye ushahidi. Angechukuliwa msichana akaulizwa njia aliyopitia mumewe, na waliokuwa wakiulizwa maswali hayo niliwahi kuwaona wakirudi. Wengine hawakuweza tena kubeba maji.

"Lakini mbona hakuingia kumchukua?" nikauliza. "Alijua, akala, akaondoka."

"Hamtaki huyu," akasema, akimfunika mtoto. "Anamtaka baba. Mwanamume hawezi kukaa bila kuja kumwona mwanawe wa kwanza. Ataketi kwenye kile kiti, atangoja."

"Na wenzake?"

"Hatawaambia. Angewaambia, lori lingekuwa hapa sasa hivi. Anataka amkamate peke yake, jina lipande."

Nikasema basi tuwatoe leo hii. Mama akatikisa kichwa. Tukiwatoa ovyo, watakamatwa njiani. Na siku chungu kitakapokosekana jikoni, mkubwa atajua mzazi ameondoka, na atamfuata kabla hajafika mbali.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho napika njahi," akasema.

Nilikuwa na dada, binti wa baba mdogo, aliyekuwa akichuma kahawa katika shamba moja kule Ruiru na kukaa katika laini, vile vibanda vya wafanyakazi. Ndiyo, Ruiru, karibu na kituo chenyewe cha mkubwa wa gadi. Nilipolitaja jina hilo nilidhani mama atanipiga na mwiko. Badala yake alifikiri, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Huyu mtu akikaa hapa kutwa, Ruiru ndiko mahali ambapo hayuko."

Dada akaja. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, lakini alipoambiwa akaishusha mpaka ikawa kama ya kanisani. Wanawake wetu hawakudaiwa ile pasi ya kusafiria waliyodaiwa Wakikuyu, kwa hiyo msichana angepita akiwa mmoja wetu, wifi yake dada. Nguo zilipatikana. Kitambaa cha kichwa kilifungwa chini mpaka kwenye nyusi, kuficha alama ya ukanda. Ila tatizo lilikuwa shingo. Mwanamke wa Kikuyu hubeba mzigo mgongoni, ukanda umepita kwenye paji, mwili umeinama mbele. Wa kwetu hubeba kichwani, amenyooka kama nguzo ya simu. Askari yeyote barabarani alijua tofauti hiyo kutoka mbali, bila kuuliza kabila.

Basi mle bandani, kati ya magunia, mkubwa akiwa amekaa upande wa pili wa mabati anakula njahi yake, msichana akajifunza kubeba kikapu cha viazi vitamu kichwani. Kilianguka. Kikaanguka tena. Shingo yake ilikuwa na tabia ya kuinama kutafuta ukanda.

"Usiiname," dada alimnong'oneza. "Ukiinama wewe ni wa hapa. Nyooka, uwe wifi yangu."

Kiazi kikidondoka chini, mbele huku nilikohoa. Nilikohoa sana siku zile, mpaka karani akanishauri niende hospitali.

Mkubwa alikuja kila siku. Alikula, kisha akakaa. Alitazama mlango, alitazama kila kijana aliyeingia, viatu vyake, nywele zake, kama ana majani ya msitu. Hakutaja mtoto kamwe. Mara moja tu, kitoto kilipotoa sauti kule nyuma, ndogo kama ya paka, na mimi nikiwa nimeshika birika, aliniambia, "Mwaga polepole. Usije ukajiunguza."

Dereva wa lori la mkonge hakuombwa kwa maneno mengi. Nilimwambia jikoni kwamba dada yangu na wifi yake wanarudi Ruiru, na je, lori linapita huko? Akanitazama, akatazama banda. "Linapita," akasema.

Siku hiyo mkubwa alifika mapema kuliko kawaida na kukaa kitini. Dereva alikuwa na chai yake. Alikunywa kidogo, akasimama, akatoka bila kulalamika. Nikasikia lori likinguruma nyuma ya hoteli, likasimama muda, likaondoka.

Mkubwa akanyoosha mkono mpaka meza ya jirani, akagusa kikombe cha dereva.

"Imepoa," akasema.

"Alikuwa na haraka, mzee."

"Huyu? Ameinywa ikiwa imepoa, na hakusema neno?" Akaichukua bunduki. Akasimama. "Leo nitarudi Ruiru mapema. Naona mvua."

Mbingu ilikuwa safi kama sahani ya misheni. Barabara ya Ruiru ni moja, na baiskeli ya mkubwa ilikuwa imara. Lori la mkonge, ambalo mlimani lingeshindwa na konokono, lilikuwa halijafika hata kwenye mashamba ya mananasi, na mbele yake kulikuwa na kizuizi ambapo kila gari lilisimamishwa na kukaa muda usiojulikana. Akifika hapo kabla halijapita, basi.

Nilijisikia nikisema, "Mzee, njahi haijaonjwa."

Akasimama mlangoni.

"Mama ameiivisha leo kuliko siku zote," nikaendelea, na ulimi wangu, ambao mwalimu wa shule ya usiku alisema utaniponza, ukachukua usukani. "Nikiionja peke yangu na wewe umeondoka, nitakuwa nimemwonjea nani? Sheria ni yako, mzee." Nikakileta chungu mezani. Mvuke ukapanda. Nyuma ya mabati, mama mpishi akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto, chini kwa chini. Kule bandani hapakuwa na mtoto tena. Alikuwa anayaimbia makaa.

Mkubwa akasikiliza. Akarudi kitini.

Nikaonja, na nikiwa naonja nikasimulia. Nilimsimulia ng'ombe dume wa babu yangu aliyekuwa na pembe ndefu hata ndege walitaga upande mmoja na kuangua upande mwingine. Nilimsimulia mafuriko ya kwetu yaliyobeba kanisa na waumini ndani wakiimba, likatua ng'ambo ya mto na hawakukosa ubeti. Kila neno nilikuwa nalipima kwa maili ya barabara. Wateja walicheka mahali nilipocheka, hawakujua kwa nini nasimulia, lakini walijua ni lazima wacheke. Mkubwa hakucheka. Lakini alikula, na kila alipoinua macho, wimbo kule nyuma uliendelea.

Jua lilikuwa limegeuka alipoondoka. Siku iliyofuata dereva alikuja, akatumbukiza kidole kwenye chai, akapaza sauti: "Hii umeichota mtoni, bwana?" Nikajua wamefika.

Sasa tazama mambo. Kila mwenye hoteli duniani humwomba Mungu mteja asiyelipa aondoke haraka. Mimi nilimwomba akae. Kila saa aliyokaa Thika, laini za Ruiru zilikuwa na saa moja ya usalama, na kitoto kilikuwa na muda wa kunenepa na watu wakapata kuzoea kumwona. Mama alipika njahi kila siku kwa ndizi mbivu, akaimbia makaa, na mkubwa akala chakula cha mzazi aliyekuwa mbali, jirani ya kituo chake mwenyewe. Kikamkaa. Mashavu yalijaa, koti likakataa kufunga vifungo, mkanda ukaongezwa tundu. Ningeapa hata ngozi yake iling'aa kama ya mama aliyelishwa vizuri. Tuliogopa kucheka. Tuliogopa kila kitu.

Baba hakuja. Na siku moja subira ya mkubwa ikaisha. Aliacha kijiko ndani ya chungu, akapita jikoni, akasukuma mlango wa banda kwa mtutu wa bunduki. Wateja wote tukamsikia akitupa magunia. Akatoka na vumbi jeusi usoni.

"Mzazi yuko wapi?"

Mama mpishi alikuwa amesimama mbele yake, kichwa chake hakifiki kwenye kifungo cha koti. Nilidhani atalia. Alimtazama kuanzia tumboni kwenda juu.

"Mzazi si ni yule aliyekula njahi?" akasema.

Halafu kule mezani dereva akapaliwa, na chai ikamtoka puani. Mkubwa akageuka, akatutazama mmoja mmoja, na mimi nikaanza kuwaaga watu wangu wa nyumbani moyoni. Lakini nilimwona akifikiri. Angekwenda kusema nini kule kwa DC? Kwamba alijua tangu chungu cha kwanza, akanyamaza ili sifa iwe yake, akakaa kitini akila mpaka ndege akaruka? Angeulizwa yeye maswali.

Akarudi kitini. "Niletee," akasema. Akamaliza chungu. Sikuambiwa nionje, maana nilikuwa nimeshaonja. Alipofika mlangoni akausukuma ule mkia wa mbuzi kwa kidole, ukayumbayumba.

"Pachafu hapa," akasema. "Kesho usifungue."

Kesho yake mbao mbili zilikuwa zimepigiliwa mlangoni kwa kupishana, na ruhusa yangu ilikuwa imefutwa kwa sababu ya nzi. Nzi wa Thika nzima walihesabiwa kuwa wangu. Nilichukua birika, sufuria, na cheti, nikaenda Ruiru kwa dada. Mama mpishi alifuata baadaye, akapata kibarua cha kuchuma kahawa. Mimi nikawa nachemsha chai kwenye debe kando ya njia ya shambani, bila meza wala kiti. Wateja walikunywa wamesimama na kulalamika wamesimama.

Huko ndiko mkubwa alikonikuta. Mvua za masika zilikuwa zimepita, kahawa imeiva, na mama alikuwa amekuja kunisaidia, mtoto yuko mgongoni, mnene, anavuta kitambaa cha bibi yake, na msichana alikuwa akichuma upande wa mbali wa shamba. Sikusikia baiskeli. Nilisikia tu wachumaji wakinyamaza.

Mkubwa wa gadi alishuka, akaegemeza baiskeli kwenye mti wa kahawa. Alikuwa amekonda. Alimtazama mtoto, mtoto naye akamtazama, akampulizia mate.

"Wa kiume," akasema.

Mama akamkaza mtoto mgongoni.

"Natoka Thika," akasema mkubwa. "Asubuhi wameleta watu kutoka msituni, wamewalaza nje ya ofisi. Nimemwona baba yake. Hatakuja tena." Alisafisha koo. "Hakuna anayemngoja sasa. Vile vitano, mnaweza kupiga."

Hakuna mwanamke aliyefungua mdomo. Mama mpishi alisimama vile vile muda mrefu, mkono mmoja umepita nyuma umemshika mtoto mguu. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nikachota chai, maana mteja ni mteja. Mama akaninyang'anya kata mkononi. Alimimina yeye mwenyewe, akaongeza sukari, akakoroga taratibu, akampa.

Nikanyoosha mkono kukipokea kikombe nionje, kama desturi. Mkubwa akakisogeza mbali nami.

"Leo acha," akasema.

Akakiinua, akimtazama mama usoni, akanywa mpaka mwisho.